Marudio yakiingia shambani, karanga hupoteza wasaidizi wake

Mvua za vuli zikishaanza kulowanisha ardhi ya Nyarugusu, wachimbaji wengi huweka sururu chini na kushika jembe. Maduara, yaani mashimo ya dhahabu, hujaa maji, kuta zake hulegea, na kushuka chini wakati huo ni kuchezea roho. Mwenye shamba hurudi shambani. Asiye nalo hukodi. Ndivyo kata hii ya Wilaya ya Geita inavyoishi. Upande mmoja makarasha yanasaga mawe, na upande wa pili, pengine hatua chache tu kutoka mwaloni ambako unga wa mawe huoshwa, kuna mahindi, mihogo, viazi vitamu, maharage na karanga.

Bei ya dhahabu ya leo asubuhi hapa inajulikana hadi kwa watoto. Lakini ni wachache walioambiwa kwamba kwenye mizizi ya zile karanga wanaishi viumbe wanaotengeneza mbolea bila kudai hata senti, na kwamba mchanga wa marudio, yaani mabaki ya kuoshea dhahabu, unaoteremshwa na mvua kutoka kwenye mialo unaweza kuwamaliza. Mbolea hiyo inahitajika sana katika ardhi iliyolimwa miaka mingi bila kupumzika, hasa ule udongo wa kichanga wa miinukoni ambao Wasukuma huuita luseni, unaolimika kwa urahisi na kuchoka upesi.

Hakuna haja ya maabara ili kuwaona wakiwa kazini. Chukua mche mmoja wa karanga ulioanza kutoa maua. Usiuvute, maana utaacha nusu ya mizizi ardhini. Chimba kuuzunguka, uinue pamoja na bonge lake la udongo, kisha uuloweke kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Utaona vinundu vidogo vya mviringo vimekaa pale mizizi ya pembeni inapochipukia. Sukuma kimoja kwa kidole. Kikibanduka kirahisi, ndicho chenyewe. Uvimbe unaoletwa na minyoo fundo haubanduki, kwa sababu ule ni mzizi wenyewe uliovimba. Sasa kikate kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kiko kazini. Kikiwa cheupe, ama bado hakijaanza, ama hakitaanza kabisa. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimeshazeeka.

Wekundu huo unatokana na protini yenye madini ya chuma, ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi. Inahitajika kwa sababu bakteria walio ndani ya kinundu wana shida ya aina yake: wanataka oksijeni ili wapate nguvu, lakini kimeng'enya wanachotumia kukamata naitrojeni huharibika kikikutana na oksijeni nyingi. Protini hiyo huishika oksijeni na kuwapimia kidogo kidogo. Kinundu cheupe hakina protini hiyo, na kisipokuwa nayo hakuna naitrojeni inayokamatwa.

Naitrojeni yenyewe iko tele. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo. Taabu ni kwamba atomi zake zimefungamana mbili mbili kwa nguvu kubwa, na hakuna mmea unaoweza kuzitenganisha peke yake. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch ndio waliopata njia ya kuzitenganisha kiwandani, na kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kazi huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kazi hiyo inataka joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Bakteria wa mizizini hufanya kazi ileile katika joto la kawaida la udongo. Wanacholipwa ni sukari ambayo mmea umeitengeneza kwa jua na kuishusha mpaka mizizini.

Tofauti ya njia hizo mbili mkulima wa Geita anaihisi mfukoni. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuvuruga soko la gesi na mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 wa Urea, mbolea ya njia ile ya kiwandani, ulipita shilingi 100,000 hapa nchini. Serikali ikaingiza ruzuku msimu wa 2022/23 na kuushusha hadi kama shilingi 70,000. Ruzuku ile iliokoa msimu wa watu wengi, na nisingependa iondolewe. Lakini ndani ya mfuko ule wa kilo 50 naitrojeni ni kilo 23 tu, nayo ikikutana na udongo wa kichanga na mvua kubwa, sehemu yake huzama chini ambako mizizi haifiki. Zao la mikunde lililostawi vizuri linaweza kukamata kiasi hicho kwa ekari moja, na soya huweza kupita hapo.

Elimu hii ina zaidi ya miaka 130. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alionyesha kwamba njegere zenye vinundu hustawi hata kwenye mchanga usio na naitrojeni, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatoa bakteria kwenye vinundu na kuwaotesha peke yao. Kabla karne ile haijaisha, kulikuwa na watu Ulaya wanaowauza kwenye chupa. Kwa Geita ya leo, kinachonisumbua ni kwamba jambo la zamani kiasi hicho bado halijafika kwenye duka la pembejeo la kijijini.

Hata hivyo, si kila mkulima anahitaji kununua bakteria. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, na hapa ndipo muuzaji mwenye tamaa hupata mwanya.

Bakteria hawa, ambao wataalamu huwaita rizobia, huchagua mwenyeji. Kuna kundi linaloelewana na karanga, kunde, choroko na njugu mawe kwa pamoja, na kundi hilo limejaa katika udongo wa Afrika tangu zamani, kwa kuwa mazao haya au jamaa zake wa porini yamekuwapo kila mahali. Mkulima wa Nyarugusu anayepanda karanga au njugu mawe tayari anao wafanyakazi. Akiuziwa pakiti ya bakteria kwa ajili ya kunde, mara nyingi fedha yake imekwenda bure.

Soya ni habari nyingine. Ni mgeni aliyetoka Asia ya Mashariki, na nchini mwetu aliingia kupitia kituo cha Wajerumani cha Amani, Usambara, mwaka 1907. Bakteria wake hakuja naye katika kila shamba. Ukipanda soya pahali ambapo haijawahi kupandwa, mara nyingi utang'oa mizizi mitupu, na majani yatakuwa ya njano kabla ya kutoa maua. Ndiyo maana watafiti wa mbegu wa taasisi ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, walihangaika kupata soya inayokubali bakteria wa asili wa Afrika. Walifanikiwa kwa kiasi, lakini hata soya hizo mara nyingi huongeza mavuno zikipewa bakteria maalumu wa soya.

Dengu nazo huchagua sana. Shinyanga inazijua: hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea kuisha, mara nyingi baada ya mpunga au mahindi, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Pale zilipolimwa miaka mingi bakteria wao wamekwisha kuzoea. Anayezipeleka kwenye shamba jipya asishangae kuona vinundu vichache.

Maharage ndiyo yenye utata. Yanakubali bakteria wengi, wazuri na wabovu, na udongo wetu umejaa wa aina zote mbili. Basi unaponunua bakteria bora na kuwapaka kwenye mbegu, wale wa kienyeji waliotangulia kujaa shambani huwahi mizizi. Mwaka mmoja unaona tofauti, mwaka mwingine huoni. Isitoshe, maharage yenyewe ni mvivu wa kukamata naitrojeni ukilinganisha na karanga au soya. Mtu akikuahidi muujiza kwenye maharage kwa pakiti moja, mwulize amefanya majaribio wapi.

Tanzania haikuanza jambo hili jana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, kiliwahi kutengeneza bakteria wa soya kwa jina la Nitrosua. Jirani zetu Kenya walipiga hatua zaidi kibiashara: Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na maabara ya rizobia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2008 kampuni ya MEA ya Nakuru ilipata leseni ya kuzalisha na kuuza bakteria wake kwa jina la Biofix. Mwaka 2009 ukaanza mradi wa N2Africa, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na kugharamiwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates. Katika awamu ya pili, kuanzia 2014, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano kuu za mradi huo. Kabla ya mradi huo, Profesa Patrick Ndakidemi na wenzake walishachapisha mwaka 2006 matokeo ya majaribio ya maharage na soya katika mashamba ya kaskazini mwa Tanzania. Bakteria pamoja na fosforasi vilizidi kila kimoja kilipotumika peke yake.

Hilo la fosforasi lisisitizwe, kwa sababu ndilo linalokwamisha wengi. Kukamata naitrojeni kunakula nguvu nyingi, na nguvu hiyo ndani ya chembe hai hupitia kwenye fosforasi. Udongo usio na fosforasi hutoa vinundu vidogo, vichache, vilivyopauka, hata kama bakteria wapo kwa mamilioni. Kwa bahati nzuri nchi yetu ina mwamba wa fosfeti wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Mwamba huo uliosagwa huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na mashamba mengi ya Kanda ya Ziwa yaliyochoka yana tindikali. Kwa mkulima wa maharage au karanga wa Nyarugusu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ningemwambia anunue mbolea ya kupandia yenye fosforasi kabla hajafikiria pakiti yoyote ya bakteria. Urea asiiweke kabisa kwenye mstari wa mikunde: mmea ukipata naitrojeni ya bure chini ya miguu yake, huacha kuwalisha bakteria.

Anayepanda soya, basi, anunue. Unga wa bakteria huja kwenye pakiti, na kiasi cha kawaida ni gramu 10 kwa kila kilo moja ya mbegu. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji yenye sukari au gundi inayoambatana na pakiti, unga humiminwa juu, na vyote huchanganywa taratibu kivulini hadi kila mbegu iwe na koti jeusi. Kisha mbegu hupandwa siku hiyohiyo na kufukiwa mara moja. Jua la saa chache linatosha kuwaua. Dawa ya kuua kuvu iliyopakwa kwenye mbegu inaweza kuwaua. Mbolea ya chumvichumvi ikigusana na mbegu inaweza kuwaua. Hata pakiti yenyewe, iliyotoka kiwandani na bakteria kama bilioni moja kwa kila gramu, ikikaa wiki kadhaa kwenye rafu ya duka lenye bati la moto, mkulima ataishia kununua vumbi jeusi. Ndiyo maana tarehe ya kuisha muda isomwe, na duka liulizwe linatunza wapi.

Sasa turudi kwenye mialo, kwa sababu hapa Nyarugusu inatofautiana na wilaya nyingine za kilimo kama Kongwa au Mbozi.

Jiwe likitoka kwenye duara husagwa kwenye karasha. Unga wake huoshwa mwaloni, zebaki huchanganywa ili ishike chembe za dhahabu, na mchanganyiko ule huchomwa ili zebaki iruke. Mchanga uliobaki ndio marudio, na haupotezwi, kwa sababu bado una dhahabu. Huuzwa kwa wenye planti za kuchenjua kwa sayanaidi. Baina ya hatua hizo, marundo hukaa wazi. Mvua ikinyesha, sehemu yake hutiririka kwenye majaluba na mashamba ya chini. Miaka ya mwanzo ya 2000, wanajiolojia wa Uingereza waliofanya kazi na mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki walichunguza Rwamagasa, jirani na Nyarugusu, na zebaki nyingi waliikuta kwenye marudio na karibu na sehemu za kuchenjulia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, miaka 7 baada ya kuusaini.

Tunapozungumzia zebaki tunazungumzia mapafu ya anayechoma na samaki wa ziwa, na ni haki kabisa kuanza na hayo. Udongo hutajwa mwisho, ukitajwa. Lakini kuna kisa kutoka Uingereza ambacho ningependa kila ofisa kilimo wa mkoa wa Geita akifahamu. Katika shamba la majaribio la Woburn, kati ya 1942 na 1961, baadhi ya vipande viliwekewa tope la maji taka ya mjini kama mbolea. Tope lile lilikuwa na metali: zinki, shaba, nikeli, kadimi. Miaka zaidi ya 20 baada ya kuacha kuliweka, watafiti walipanda klova, mmea jamii ya mikunde unaolishwa mifugo. Ilidumaa na kugeuka njano. Walipochunguza vinundu, wakakuta bakteria waliosalimika kwenye udongo ule ni wale wanaojenga vinundu lakini hawakamati naitrojeni. Wafanyakazi wazuri walikuwa wamekufa, wakabaki wanaokula bila kuzalisha. Mmoja wa watafiti wale, Ken Giller, ndiye aliyekuja baadaye kuongoza N2Africa.

Woburn ilikuwa tope la mjini, na Geita ni mawe ya dhahabu. Njia ya madhara ni ileile. Mwamba wa dhahabu wa ukanda huu mara nyingi una madini yenye salfa. Ukisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, salfa ile hugeuka tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Rizobia wengi hudhoofika udongo unaposhuka chini ya 5 kwenye kipimo cha tindikali cha pH. Zebaki nayo ni sumu kwa bakteria tangu zamani; hospitali ziliwahi kuitumia kuulia vijidudu kwenye vidonda. Kwa hiyo mkulima ambaye jirani yake ameweka rundo la marudio juu ya shamba lake ana dai halali, hata kama mahindi bado ni ya kijani. Mahindi hayatamwonyesha tatizo mapema. Karanga zitamwonyesha, kwa vinundu vyeupe.

Dawa yake haina ufundi mgumu. Marudio yazungushiwe tuta na mfereji wa kukinga maji, yawekwe mbali na mkondo, na yafunikwe msimu wa mvua. Planti ziwe na mabwawa yasiyovuja. Sheria za mazingira na za madini tayari zinadai mengi ya haya. Kinachokosekana ni mtu wa kuangalia rundo moja moja, na mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba kufanya hivyo ni kulinda chakula.

Kuna uharibifu mwingine tunaoufanya wenyewe bila mchimbaji yeyote. Maharage na karanga huku hung'olewa mche mzima na kupelekwa nyumbani, zikapukuchuliwa uani, na mabaki yakaliwa na mbuzi au kuchomwa moto. Naitrojeni iliyokamatwa kwa miezi mitatu inaondoka yote, mizizi na majani pamoja. Nafaka itakayofuata haipati kitu, halafu watu husema mikunde hairutubishi. Mabaki yakirudishwa shambani, au samadi ya ng'ombe waliokula mabaki ikirudishwa, hesabu inabadilika. Usukuma una ng'ombe wa kutosha kwa hilo. Mkokoteni ndio unaokosekana siku ya kuyarudisha mabaki.

Shinyanga iliwahi kutufundisha kwamba ardhi iliyochoka hurudi. Baada ya miti kufyekwa kwa miongo mingi ili kuua mbung'o na kupanda pamba, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Haukuleta mfumo wa kigeni. Ulihuisha ngitili, maeneo ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga kwa malisho ya kiangazi. Ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Migunga iliyoota upya ndani ya ngitili hizo ni miti yenye vinundu, na imekuwa ikirutubisha udongo kwa miaka yote hiyo. Mjohoro tunaoupenda kwa kivuli ni wa jamii hiyohiyo ya mikunde, lakini hauna vinundu. Anayeupanda kando ya shamba akidhani analeta mbolea anajidanganya.

Nyarugusu haihitaji mradi mkubwa. Halmashauri hupokea fedha za uwajibikaji kwa jamii kutoka kwenye migodi mikubwa, na nyingi hujenga madarasa na zahanati, jambo jema. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kununua jokofu moja la kutunzia unga wa bakteria katika duka la pembejeo la Katoro, kuleta fosfeti ya Minjingu, na kuwalipia maofisa ugani mafuta ya pikipiki ili wawe shambani wakati karanga zinatoa maua. Vifaa vya kupimia udongo vimeshagawiwa kwa halmashauri. pH ya mashamba yaliyo chini ya mialo ipimwe kwanza, kabla ya yale ya barabarani yanayofikika kwa gari. Na kila kijiji kiwe na kipande kimoja cha soya chenye mistari iliyopakwa bakteria na isiyopakwa, kando kwa kando, ili wakulima wang'oe wenyewe miche na kukata vinundu kwa kucha zao. Oda ya unga kwa ajili ya vuli inafaa kutoka mwezi Julai.